Ruzuku ya TASAF: Tuiondoe Meza ya Pili

Asiyekuwepo na lake halipo. Methali hiyo tumezoea kuisikia kwenye karamu na mikutano, lakini kwa miaka mingi imekuwa pia kanuni isiyoandikwa ya kituo cha malipo ya kaya maskini. Siku ya malipo walengwa wa TASAF hukusanyika tangu asubuhi mbele ya ofisi ya mtaa au kijiji, uwanjani mwa shule au chini ya mti. Wenye fedha hufika saa nne, pengine saa nane. Majina husomwa kwa sauti. Anayeitika hutia dole gumba kwenye karatasi, huhesabiwa noti zake mbele ya majirani, kisha huondoka. Aliyelazwa hospitalini, aliyekwenda kuzika Sengerema, aliyekuwa shambani kwa sababu tarehe ilibadilishwa jana jioni, jina lake huitwa mara mbili, halafu karatasi hufunuliwa.

Nimeshuhudia siku kama hiyo katika mtaa mmoja usio mbali na Kalangalala, kata iliyo katikati ya mji wa Geita. Mtaa wenyewe sitautaja, kwa maana nilichokiona hapo hakikuwa chake peke yake. Foleni haikunishangaza, sote tumezoea foleni. Kilichonishangaza ni meza ya pili. Hatua kumi kutoka meza ya malipo palikuwa na benchi, na juu yake wameketi watu wawili wenye madaftari. Mmoja alikuwa akikusanya mchango, mwingine akidai madeni. Kila mlengwa aliyetoka kuhesabiwa fedha alipitia hapo kabla ya kwenda zake. Hapakuwa na bunduki wala kelele. Nilimuuliza bibi mmoja kwa nini asiende moja kwa moja nyumbani. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Mwanangu," alisema, "nikipita pale bila kuacha kitu, orodha ijayo unadhani jina langu nitaliona?"

Makala hii inahusu meza hiyo ya pili. Hoja yangu ni moja: mlengwa wa TASAF anayeweza kupokea ruzuku yake kwa simu au kwa akaunti ya benki ahamie huko, na sisi tuliosoma tumhimize na kumsaidia kuhama. Lakini himizo hilo halitakuwa halali iwapo Serikali itaiondoa meza ya pili pale kwenye benchi na kuiacha iingie ndani ya simu.

Tukumbushane kwanza tulikotoka. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulianzishwa mwaka 2000. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulizinduliwa Agosti 2012, na kipindi chake cha pili kikazinduliwa Februari 2020. Ni mpango uliofikia zaidi ya kaya milioni moja, nazo hupokea ruzuku kila baada ya miezi miwili, wapokeaji wengi wakiwa wanawake. Mwanzoni karibu wote walilipwa taslimu mkononi. Baadaye ukaanzishwa ulipaji wa kielektroniki, kwa simu na kwa benki. Wapo waliohamia huko, na wapo ambao bado wanakwenda kuketi chini ya mti. Ninaowazungumzia ni hao wa mwisho.

Ndugu mtumishi wa umma unayesoma hapa, wewe mshahara wako unaupokeaje? Hakuna mhasibu anayekuita kwa jina mbele ya majirani zako. Hakuna anayekuhesabia noti huku mwenye duka akisubiri pembeni. Ukiugua tarehe ya mshahara, mshahara hauugui pamoja nawe. Unaingia kwenye akaunti, unakaa, unakusubiri. Jambo hilo umelizoea hata huoni tena kuwa ni heshima. Basi kwa nini heshima hiyo iwe haki ya mwenye cheo, na mjane anayelea wajukuu wanne aone fahari kuitikia jina uwanjani?

Watetezi wa utaratibu wa zamani wana jibu lao, na ndilo jibu linalonikera kuliko yote: "Wazee wetu hawaiwezi teknolojia." Husemwa kwa sauti ya huruma, lakini ndani yake mna dharau. Huduma ya kutuma fedha kwa simu iliingia nchini mwaka 2008. Tangu hapo vijana wangapi wa Geita wamekwenda machimboni Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu? Na mama zao waliobaki nyumbani wamepokeaje fedha za vijana hao? Si kwa basi wala kwa bahasha. Kijana akipata chochote kwenye duara, jioni simu ya mama inalia. Mama anakwenda kwa wakala, anatoa, ananunua unga. Tembea barabara za Kalangalala uhesabu miamvuli ya mawakala, kisha uniambie biashara hiyo yote inaendeshwa na wateja gani. Bibi anaweza kupokea fedha ya mwanawe kwa simu. Anapoambiwa kuwa hawezi kupokea fedha ya Serikali kwa simu hiyohiyo, tumuulize msemaji anamlinda bibi au analilinda benchi.

Benchi hilo lina wenyewe. Malalamiko kwamba walengwa hukatwa michango kituoni, wakati mwingine bila stakabadhi, yamesikika kwa muda mrefu katika sehemu mbalimbali za nchi. Sisemi kila kiongozi wa mtaa ni mwizi. Michango mingine ni ya jambo jema: darasa, zahanati, dawati. Lakini mchango unaodaiwa hatua kumi kutoka mahali mtu alipopewa fedha, na mtu mwenye kauli juu ya orodha itakayofuata, hauna hiari ndani yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye meza ya pili daftari lipo, ila si la mwenye mali.

Kuna pia gharama ambayo hatuihesabu kwa sababu anayeilipa ni maskini. Siku moja ya kusubiri ni siku moja ya kibarua iliyopotea. Mwanamke anayeponda mawe ya dhahabu kwa nyundo hulipwa kwa alichoponda, na asiyeponda hapati kitu. Upande wa Serikali nao kuna gari, mafuta, posho na askari wa kulinda fedha, na yote hayo hurudiwa katika kila kijiji na kila mtaa kila baada ya miezi miwili. Kisha kuna hatari ya njiani kurudi nyumbani, pale mji mzima unapojua kuwa leo vikongwe wana fedha.

Sasa niseme upande wa pili kwa uaminifu uleule. Walengwa wengi wanaokataa kuhama si wajinga. Wana methali yao pia: fimbo ya mbali haiui nyoka. Noti iliyo mkononi inanunua unga leo. Ujumbe ulio kwenye simu ni ahadi. Na ahadi hiyo imewahi kuwavunja moyo.

Wanakumbuka Januari 2020, laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa. Kusajili kulihitaji namba ya utambulisho wa taifa, na wazee wengi hawakuwa nayo. Mwanamke aliyeponda mawe miaka ishirini vidole vyake vimesagika. Anaviweka kwenye mashine, mashine haimtambui. Wanakumbuka Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza, kutoka shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, juu ya makato ya kampuni za simu yaliyokuwapo. Tozo hiyo ilipunguzwa baadaye kwa sababu wananchi walipiga kelele, lakini funzo lilibaki: fedha iliyo kwenye simu Serikali inaweza kuifikia kwa kalamu tu. Wanajua pia wakala wa kijijini huishiwa floti. Walengwa mia moja wakipokea ujumbe siku moja, na wakala ni mmoja, wa ishirini wa kwanza ndio watakaopata noti.

Kwa hiyo hofu yao ina hoja. Anayetaka kuwashawishi aanze kwa kuondoa sababu za hofu, na mfano wa namna ya kufanya hivyo uko hapahapa Geita.

Kwa miaka mingi mchimbaji mdogo aliuza dhahabu yake gizani, kwa mnunuzi aliyekuwa na mizani yake mwenyewe na bei yake mwenyewe. Serikali ilihubiri, ilitisha, ilikamata. Dhahabu iliendelea kupita vichochoroni. Kisha mwanzoni mwa 2019 likafanyika jambo la busara. Kwanza wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Kisha Machi mwaka huohuo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafungua soko la dhahabu mjini Geita, penye mizani inayoonekana, bei inayojulikana na hati ya mauzo. Wachimbaji walikwenda sokoni. Hawakwenda kwa sababu ya hotuba. Walikwenda kwa sababu njia iliyo wazi ilikoma kuwa njia ya hasara.

Kanuni hiyohiyo itumike kwa bibi. Huwezi kumwambia aache noti kamili kituoni aende kwa wakala akakatwe sehemu ya ruzuku, halafu ukaita hayo maendeleo. Kwa mtu wa mshahara mkubwa makato ya kutoa fedha ni kero. Kwa kaya inayopokea, tuseme, shilingi 30,000 kwa miezi miwili, makato hayo ni kilo za unga.

Uzoefu wa wenzetu nao unatufundisha kwa pande zote mbili. Nchini Niger, baada ya ukame wa 2009 na 2010, kaya maskini za mkoa wa Tahoua zilipewa msaada wa fedha kwa njia mbili: baadhi taslimu, baadhi kwa simu. Watafiti waliolinganisha makundi hayo, wakiongozwa na mwanauchumi Jenny Aker, waligundua kuwa waliolipwa kwa simu walikula vyakula vya aina nyingi zaidi. Sababu walizozitaja ni mbili: wanawake waliokoa muda wa kusafiri na kusubiri, na walipata kauli zaidi juu ya matumizi ya fedha nyumbani. Fedha isiyohesabiwa hadharani mwenye nayo anaweza kuipangia mambo kabla ya wengine kumpangia.

Afrika Kusini inatufundisha upande mwingine. Mwaka 2012 kazi ya kulipa ruzuku za jamii kwa nchi nzima ilipewa kampuni moja, Cash Paymaster Services. Malipo yakaingia kwenye akaunti, kwa kadi na alama za vidole, mambo yakaonekana ya kisasa. Baada ya muda wazee na mama wenye watoto wakaanza kukuta fedha zimepungua kabla hawajazigusa. Kulikuwa na makato ya muda wa maongezi, ya umeme, ya bima ya mazishi na ya mikopo, na wengi walisema hawakuyaridhia. Kampuni zilizouza baadhi ya huduma hizo zilikuwa za familia moja na kampuni iliyolipa ruzuku. Shirika la kiraia la Black Sash lilipambana miaka kadhaa, na Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikaingilia kati zaidi ya mara moja, tangu ilipoamua kuwa zabuni ile haikutolewa kihalali hadi ilipoweka masharti makali mwaka 2017. Meza ya pili haikuwa imeondolewa. Ilikuwa imehamia ndani ya mashine, mahali ambapo bibi hawezi kuiona wala kuipita kwa mbali.

Kwetu mashine hiyo iko tayari mfukoni. Huduma za kukopa kwa simu hukata deni mara fedha inapoingia, bila kuuliza imetoka wapi. Mjukuu akikopa kwa laini ya bibi, ruzuku ya bibi itamezwa kabla simu haijamaliza kulia. Na nje ya simu kuna wakopeshaji wa kausha damu, ambao hushika kadi ya benki na namba ya siri ya mkopaji kama dhamana. Tukihamisha kaya maskini kwenda kwenye mfumo huu bila kinga, tutakuwa tumewaletea wakopeshaji hao wateja wapya na kuwaonyesha tarehe ambayo wateja hao wana fedha.

Pia tusijidanganye kuhusu hewa. Wapo wanaosema malipo ya kielektroniki yatamaliza kaya hewa. Mwaka 2016 Serikali iliondoa kwenye orodha ya mishahara watumishi hewa zaidi ya 10,000, na watumishi wale walikuwa wakilipwa benki. Hewa haizaliwi kwenye njia ya malipo, huzaliwa kwenye orodha. Uhakiki wa hadharani wa majina, ambapo wananchi wenyewe hutamka nani maskini na nani siye, lazima ubaki. Fedha ipite kwa siri; orodha ikae wazi. Kwenye uwanja ule nilikuta kinyume chake: fedha inahesabiwa mbele ya wote, na namna jina linavyoingia au kutoka orodhani haijulikani kwa yeyote.

Basi tudai nini? Nina madai matano, na yote yako ndani ya uwezo wa Serikali.

Kwanza, gharama ya kutoa ruzuku ibebwe na mpango, si na mlengwa. Fedha iliyokuwa ikitumika kwa magari, posho na ulinzi ielekezwe huko. Na ruzuku ya kaya maskini iwe huru kabisa na tozo yoyote ya muamala, leo na kesho.

Pili, fedha ya ruzuku isikatwe kwa deni lolote la simu au benki. Benki Kuu ndiyo inayosimamia mifumo ya malipo nchini. Itoe maelekezo, kampuni zitatii. Vilevile taarifa za walengwa zilindwe kwa nguvu ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, zisigeuzwe orodha ya wateja wa mikopo.

Tatu, kabla mtu hajahamishwa, jina lake kwenye orodha ya mpango, kwenye kitambulisho na kwenye laini yawe yamelinganishwa, na kasoro zisahihishwe mtaani kwake bila malipo. Herufi moja iliyokosewa na karani isimlaze mtu na njaa. Ambaye vidole vyake havisomeki apewe njia nyingine.

Nne, taslimu ibaki kwa asiyeweza kuhama: mlemavu asiye na msaidizi, mzee wa kijiji kisicho na mtandao wala wakala. Kuhama kuwe haki, kusiwe adhabu. Palipo na wakala mmoja, malipo yagawanywe kwa siku, ili floti isiishe kabla foleni haijaisha.

Tano, na hili nalisisitiza, laini iwe ya mlengwa mwenyewe, kwa jina lake, na namba ya siri aijue yeye. Isiwe laini ya mume, ya mjukuu, wala ya mwenyekiti. Tukishindwa hapa tumeshindwa pote, maana anayeijua namba ya siri ya bibi ndiye mwenye meza ya pili mpya.

Hili la tano haliwezi kufanywa na waraka. Linafanywa na watu, na hapo ndipo ninapowageukia ninyi wanafunzi wangu. Mnaporudi nyumbani likizo, Geita, Shinyanga au kwingineko, kaeni na bibi zenu saa moja tu. Msichukue simu mkamfanyia. Mwacheni afanye mwenyewe, hata akikosea mara tatu. Mfundisheni kutazama salio kabla na baada ya kutoa. Mwambieni kuwa wakala hana haki ya kuitaja wala kuiandika namba yake ya siri, na kwamba anayempigia simu akidai anatoka TASAF na kutaka namba hiyo ni mwizi, hata awe na sauti nzuri kiasi gani. Mwambieni laini yake aitumie mara kwa mara, kwa maana laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Namba ya siri asiiandike nyuma ya simu. Akiwa hajui kusoma, afundishwe mahali pa tarakimu kwenye kitufe kama alivyofundishwa mistari ya bao.

Wanaharakati, siku ya malipo nendeni vituoni mkatazame umbali kati ya meza ya kwanza na ya pili. Andikeni mnachokiona. Nanyi watumishi wa halmashauri mnaosoma haya huku mkijua benchi lipi ninalolisema, mna uwezo wa kupiga marufuku ukusanyaji wa mchango wowote kituoni siku ya malipo. Hilo halihitaji mfumo mpya, mkopo wala mshauri kutoka nje. Linahitaji barua ya nusu ukurasa na mtu wa kuisimamia.

Yule bibi aliyeniuliza kama jina lake angeliona kwenye orodha ijayo sikumjibu, kwa kuwa sikuwa na jibu. Alifungua kitambaa, akaacha alichoacha kwenye benchi, akakifunga tena kikiwa chepesi zaidi. Ninataka siku moja simu yake ilie akiwa jikoni kwake, asome au asomewe kiasi kilichoingia, na kiasi hicho kiwe kamili. Kisha aamue mwenyewe nani wa kumpa na nani wa kumnyima. Akitaka kuchangia darasa la mtaa, achangie, adai stakabadhi, na hapo utakuwa mchango.